Kabini na Mstari wa Nyumba

Kabini ilikuja na treni ya mizigo kutoka Mikumi. Ilikuwa imewekwa juu ya behewa la wazi, imefungwa kwa kamba za katani, na ndani yake alikaa mtani wetu, mkono mmoja nje ya dirisha, kama dereva aliyeizoea njia. Haikuwa na magurudumu, haikuwa na injini, chini yake palikuwa na mbao za behewa tu. Treni ilipoingia stesheni ya Kilosa alipaza sauti watu wapishe, gari lake halina breki. Na watu wakapisha kweli. Mume wangu, ambaye hakuwa mtu wa kukimbia, alikimbia sambamba na behewa huku ameshika kofia yake, nami nikamfuata nyuma na mimba yangu changa, ambayo bado ilikuwa siri yetu wawili.

Kwa asiyejua magari, kabini ni kile chumba cha mbele anamokaa dereva. Mimi mwenyewe nilikuwa silijui neno hilo. Nilisoma hadi darasa la nne, na magari niliyoyajua yalikuwa yale ya kupita barabarani na kuniachia vumbi. Lakini mwaka ule nilijifunza kabini, nikajifunza chasisi, nikajifunza raba za kukalia kabini, na kila neno jipya nililitamka kwa raha kama mtoto anayeonja muwa.

Chasisi tulikuwa nayo tayari. Ni ule mfupa mrefu wa chuma unaobeba gari zima. Ilitoka kwenye shamba la mkonge ambako mume wangu aliwahi kuwa msaidizi wa fundi gereji. Ilikuwa ya pikapu ya shamba lile, ambayo ilimgonga nyati kwenye mbuga ya Mikumi, ikabingirika, kabini ikabonyea kama kopo lililokanyagwa. Ilivutwa mpaka uwani kwa shamba ikaachwa, na majani yakaota mpaka kwenye injini. Shamba lilipofungwa, kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Tindiga, kikapewa kile kilichobaki. Wengi walitaka injini itolewe iendeshe mashine ya kusaga. Mume wangu akasimama kwenye mkutano wa kijiji akaomba apewe muda. Alisema akipata kabini nyingine gari litatembea, na masika hayatatukuta bila gari. Mwenyekiti wa kijiji akamkubalia, lakini akasema wazi mbele ya wote kwamba mvua za masika zikianza kabla gari halijatembea, injini inakwenda kwenye mashine. Wanawake walipiga makofi kwa upande wa mashine. Nami ningepiga, kama si kwamba nilijua kwa nini mume wangu alitaka gari.

Nitaeleza, na sitarefusha. Mtoto wetu wa kwanza alishikwa na homa masika, kabla ya vijiji kupangwa. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika ukuta. Tulimbeba kwa baiskeli, mume wangu akisukuma na mimi nikimshikilia mtoto, na mvua ilikuwa inanyesha. Njia ya Kilosa ilikuwa tope tupu, nikamhamishia mgongoni. Alifia njiani, mgongoni mwangu, na mimi nikaendelea kutembea kwa sababu sikujua. Tulirudi naye tukamzika pembeni ya uwanja wetu. Watu walikuwa wakiniita mama wa fulani, kwa jina lake; baada ya pale wakaanza kuniita dada, au mke wa fundi. Mume wangu hakusema neno juu ya safari ile. Ila tangu hapo, kila alipoona gari bovu mahali popote, alilizunguka.

Kwa hiyo nilipomwambia kwamba nina mimba tena, na kwamba hesabu za wanawake zinaonyesha nitajifungua masika, aliinuka, akaenda kutafuta kabini. Akamtuma mtani Mikumi, ambako kulikuwa na pikapu ya aina ile ile iliyokufa injini. Mwenye nayo alikubali kutupa kabini kwa mpunga wetu.

Huyu mtani naye nimtambulishe. Alikuwa Mnyamwezi aliyekuja zamani kukata mkonge, mume wangu alikuwa Msagara, na kati ya watu hao kuna utani tangu enzi za misafara. Angeweza kumtukana mume wangu mbele ya wakwe zake na hakuna wa kukasirika. Angeweza kuingia jikoni kwangu akachukua jogoo, akaondoka akilalamika kwamba ni mdogo. Na penye msiba mtani ndiye anayefanya kazi nzito, huku akichekesha watu. Yeye ndiye aliyechimba kaburi la mtoto wetu. Siku ile peke yake hakuchekesha mtu.

Kabini ililetwa kijijini kwa mkokoteni wa ng'ombe, tukiisindikiza kama bibi harusi. Watoto walipiga vigelegele, wafugaji waliokuwa wanapita na ng'ombe zao wakasimama kutazama. Ilipandishwa juu ya chasisi kwa magogo na mabega ya watu, mbele ya nyumba yetu, na ilipokaa, watu wote wakarudi nyuma hatua chache kuangalia.

Ilikuwa imekaa upande.

Si sana. Lakini jicho linaona. Gari lilitazama barabara na kabini ilitazama mashamba. Mtani alilizunguka mara moja, mikono nyuma, akasimama mbele ya mume wangu.

"Gari lenu limemwona mama mkwe," akasema. "Ona linavyogeuza uso."

Basi gari likaitwa Mkwe tangu siku ile, na hata lilipokufa liliitwa Mkwe.

Mume wangu hakujali. Alisema kabini yoyote ikikalishwa mara ya kwanza hukaa upande, kazi ndiyo inaanza. Na ikaanza kweli, na sijui kama niliwahi kufurahia kazi yoyote kama ile. Nilitoka shamba la kijiji nimechoka, lakini nikiona wanainua kona moja ya kabini kwa jeki uchovu ulinitoka. Kabini hukaa juu ya raba, na bolti hupita katikati ya raba mpaka kwenye chasisi. Ukitaka kona ipande, unaongeza raba. Ukitaka isogee, unatanua tundu la bolti kwa tupa. Raba tulizikata kutoka kwenye tairi kuukuu la lori, na tupa tulipokezana.

Kazi yangu mimi ilikuwa mwiko. Ilianza kama mzaha. Mume wangu alitaka kitu chembamba cha kupima nafasi kati ya mlango na fremu yake, nikampa mwiko nilioshika mkononi. Ukingo wa mwiko ule ulikuwa na unene aliotaka hasa. Tangu hapo nikawa mimi ninayezunguka na mwiko kwenye milango, nikisema hapa unapita, hapa unakwama, hapa unacheza. Mtani alisema ndilo gari la kwanza Tanzania kupimwa kwa ugali.

Mlango wa kulia ulitii. Ulifungwa kwa mlio mmoja mzuri, wa kushiba. Wa kushoto ulikataa. Juu uligusa, chini uliachia mwanya wa kuingiza mkono. Wakilegeza bolti, unakaribia kufunga. Wakikaza, unajipinda tena. Na si mlango tu. Mti wa gia ulikuwa unagonga ukingo wa tundu lake sakafuni, na gia ya pili ikawa inaingia na kutoka yenyewe. Gari lisiloshika gia ya pili haliwezi kuvuka tope la Tindiga, hilo hata mimi nilielewa.

Watu walimshauri afunge mlango kwa kamba, magari mangapi yanatembea hivyo. Mume wangu alikataa. Alisema upande wa kushoto ndiko anakokaa mgonjwa, na mgonjwa huegemea mlango. Alisema hivyo bila kunitazama. Tumbo langu lilikuwa limeanza kuonekana hata kwa asiyetaka kuona.

Ndipo akaamua kwamba chasisi imepinda. Gari liliwahi kubingirika, na wote walikuwa wanangoja tu aseme. Lakini imepinda kiasi gani, na upande upi? Vyuma vya chasisi ya pikapu ile havikuwa vimenyooka kama reli. Huanza vyembamba huku mbele kwenye injini na kupanuka nyuma. Huwezi kuinama ukavitazama ukajua. Kule gereji ya shamba kulikuwa na mistari iliyochorwa kwenye sakafu ya saruji, gari linawekwa juu yake, fundi anapima kutoka kwenye mstari. Sisi tulikuwa na vumbi tu.

Lakini tulikuwa na mstari wa nyumba.

Aliyeishi vijiji vya miaka ile anajua ninachosema. Operesheni ya kupanga vijiji ilipokuja, bwana mipango alitoka wilayani na utepe wa kupimia na vigingi, akavipigilia kimoja baada ya kingine, na nyumba zote zikajengwa kufuata vigingi hivyo. Wengine walihamishwa kutoka mbali. Sisi kijiji kilitufuata tulipokuwa. Nyumba yetu ya zamani ilibomolewa tukajenga nyingine hatua chache mbele yake, kwenye mstari. Mzee mmoja jirani aliamriwa kubomoa jiko lake kwa sababu lilichomoza. Mstari ule ulikuwa kitu kilichonyooka kuliko vyote tulivyovijua. Viongozi wakija walisimama mwanzo wa kijiji, wanafumba jicho moja, wanatikisa kichwa kwa kuridhika.

Basi mume wangu akafunga kamba ndefu ya katani kwenye kigingi cha jirani wa upande mmoja, akaipitisha kwetu, akaikaza mpaka kigingi cha jirani wa upande wa pili. Kamba ilikuwa ndefu na upepo uliitikisa, kwa hiyo akaizungusha pia kwenye kigingi chetu, katikati, itulie. Akasogeza gari sambamba nayo, akapima kutoka kwenye kamba hadi kwenye chasisi, mbele, katikati, nyuma. Akarudia. Akaja kunywa maji, na nikaona usoni mwake kitu kama furaha.

Chasisi ilikuwa imepinda katikati. Alikuwa amekipata kidonda. Watu wakaja kuangalia, kila mmoja akapima kwa kijiti chake, kila mmoja akakubali. Mtani alisema amejua tangu stesheni.

Dawa ya chasisi iliyopinda ni moto. Unaichoma mahali palipopinda mpaka chuma kiwe chekundu, kisha unaivuta kwa minyororo. Mume wangu alikwisha kuona ikifanywa mara moja, hakuwahi kuifanya. Alituambia bila kuficha kwamba ukichoma chuma kizima unakiua, kinakuwa laini, na gari halibebi tena. Lakini chetu hakikuwa kizima. Ilikuwa lazima kuharakisha, mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima ya Kilosa mchana.

Siku ya moto ilikuwa kama sikukuu. Kijiji kiliruhusiwa kuchelewa shambani. Walileta mkaa, mhunzi akaleta mivukuto yake miwili ya ngozi, minyororo iliazimwa kwa watu wa miwa kule Ruaha. Kabini ilishushwa ikawekwa kando. Mwenyekiti mwenyewe alikuja, amevaa shati lake la mikutano, watu wakamwamkia shikamoo, marahaba, akapewa kiti. Mimi niliwapikia uji. Nilifikiri, jioni hii chasisi itanyooka, kesho mlango utafunga.

Nilitoka na sufuria ya uji kichwani. Ili niwafikie ilinibidi niivuke ile kamba. Nikasimama nimeinua mguu mmoja.

Kwa siku zote zile nilikuwa nimetazama gari na mwiko wangu. Kamba sikuitazama. Sasa niliona imezungushwa kwenye kigingi chetu, na nyuma yangu, kati ya kigingi na baraza, palikuwa na kaburi la mtoto wangu, kichuguu kidogo nilichokizungushia mawe. Na nikamwona tena mtani siku ile ya operesheni.

Bwana mipango alikuwa amepigilia kigingi chetu asubuhi, na mstari wake ulipita juu ya kaburi. Hakujua. Mchana alipokwenda kula, mimi nilikuwa nimekaa mlangoni mwa nyumba ya zamani. Katika siku zile nilikuwa nakaa tu. Mtani alikuwa mmoja wa waliombebea vigingi. Alikuja peke yake, akatazama huku na huku, akang'oa kigingi, akakisogeza kama hatua moja kuelekea barabarani, akakigongea kwa jiwe. Akafukia tundu la kwanza kwa mguu, akaondoka akipiga mluzi. Bwana mipango aliporudi alikuwa ameshiba na jua lilikuwa kali. Majirani wa pande zote mbili walipojenga, kila mmoja alisogeza ukuta wake kidogo, nyumba zisionekane zimeachana. Hakuna aliyeuliza. Hatua moja katika kijiji kizima haionekani.

Chasisi ilikuwa nzima. Kamba ndiyo iliyopinda, kwenye kigingi chetu.

Nilisimama pale na sufuria kichwani, na nasema kweli, sikufungua mdomo mara moja. Mwenyekiti alikuwa amekaa pale pale. Ndiye aliyesimamia jiko la yule mzee libomolewe. Nikisema mstari umepinda, ataagiza unyooshwe, na ukinyooshwa unapita juu ya mtoto wangu. Nikinyamaza, watachoma chuma kizima, injini itakwenda kwenye mashine, na masika yatanikuta na huyu wa tumboni kama yalivyotukuta na mwenzake. Mhunzi alikwisha kushika mivukuto. Mkaa ulianza kuwa mwekundu. Mtoto wa tumboni aligeuka, labda kwa joto.

Nikatua sufuria chini.

"Msichome," nikasema. "Chasisi haina kitu. Mstari ndio uliopinda."

Watu waliniangalia kama niliyevua nguo. Mume wangu alikuja karibu, mikono myeusi kwa mkaa, akaniuliza polepole, si kwa kunikaripia, "Mstari upi, mama? Huu wa serikali?"

"Fungua kamba kwenye kigingi chetu. Hapo tu. Kule mwisho na mwisho usiguse."

Aliinama akafungua. Kamba ilikuwa imekazwa sana. Fundo lilipolegea iliruka kutoka kwenye kigingi, ikatetemeka hewani, ikatulia. Ilitulia imenyooka kabisa kutoka kwa jirani hadi kwa jirani, na ilipita juu ya mawe ya kaburi, katikati yake.

Mivukuto ilinyamaza. Mume wangu alitazama kamba, akatazama kaburi, akatazama nyumba yetu, na nikaona anaelewa moja baada ya jingine. Kisha sote tukasikia mtani anakohoa.

"Shemeji," akasema. Sauti yake sikuwahi kuisikia hivyo. "Kumbe uliniona?"

"Nilikuona."

"Mimi nilikwisha sahau."

Ninaamini alikuwa amesahau. Mtu akifanya jambo kama lile halibebi moyoni.

Mwenyekiti alisimama kutoka kwenye kiti. Alitembea mpaka kwenye kamba, akafumba jicho moja, akatazama upande huu, akageuka akatazama upande ule, jinsi viongozi walivyokuwa wakitazama. Alichukua muda mrefu. Nilikuwa nimeshika tumbo kwa mikono miwili. Yule mzee wa jiko naye alikuwepo, ameegemea fimbo, anamtazama mwenyekiti usoni.

"Pimeni gari lenu kwa kamba hii," mwenyekiti akasema mwishowe. "Mkimaliza, mstari wa kijiji uko pale kilipo kigingi. Asikiguse mtu." Akamgeukia yule mzee. "Na wewe, baba, kajenge jiko lako."

Mzee akajibu kwamba amekwisha zoea kula baridi, lakini atalijenga. Watu wakacheka, na kicheko kile kilifungua kila kitu. Mtani naye akapata ulimi wake. Alimwambia mume wangu ashukuru kwamba gari lake lilikuwa zima siku zote, fundi alikuwa amelipima kwa upumbavu wa Mnyamwezi. Mume wangu akamjibu kwamba hilo angelijua mapema kama upumbavu wa Kinyamwezi ungekuwa na alama ya kuutambua. Walikuwa wanatukanana hivyo huku wote wawili wanafuta macho, wakasingizia moshi.

Ule moto haukupotea. Tulichomea mahindi.

Alasiri ile ile wakapima upya kwa kamba iliyonyooka, na chasisi ikatoka sawa mbele, katikati na nyuma. Kidonda kilichokuwepo kilikuwa kidogo: kikono kimoja cha kukalia kabini, cha nyuma kushoto, kilikuwa kimeinama chini tangu ajali ya nyati. Kila walipokaza bolti kilivuta kona ile na kupindua kabini nzima. Walikuwa wamelitibu gari siku zote kwa ugonjwa usio wake. Mume wangu alikata raba nene kuliko zote, akaiweka pale, kabini ikapandishwa tena kwa mabega, watu wakiimba. Akakaza bolti moja moja, kwa mzunguko, kidogo kidogo, huku mimi nikipita na mwiko. Hapa unapita. Hapa unapita. Nilifika juu ya mlango wa kushoto, mahali palipokuwa panagusa tangu siku ya kwanza, na mwiko ukateleza mpaka mwisho kama kwenye ugali uliokaribia kuiva.

Akanipisha niufunge mimi. Niliusukuma kwa vidole tu. Ulifunga kwa mlio ule ule wa kushiba.

Mtani alikwenda mbele ya gari, akachuchumaa, akalitazama uso kwa uso. "Mama mkwe kaondoka," akasema.

Mvua zilianza wakati Mkwe alikwisha kwenda Kilosa na kurudi na magunia ya mpunga wa kijiji. Mashine ya kusaga ilipata injini nyingine baadaye sana, na wanawake wenzangu walinikumbusha jambo hilo kila tulipotwanga pamoja, na walikuwa na haki. Uchungu uliponianza, ilikuwa asubuhi, mvua ikimwagika. Nilikaa kushoto. Mtani alipanda nyuma na jembe na mbao za kuweka chini ya magurudumu. Kwenye tope la bondeni, mahali ambapo zamani tulisukuma baiskeli, mume wangu aliingiza gia ya pili na akaiacha humo. Gari lilinguruma, likayumba, likateleza upande, mtani akiruka chini na kupanda, akilitukana gari kwa Kinyamwezi na kulibembeleza kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa na maumivu, na bado nilikuwa nacheka. Nilikuwa nimeegemea mlango kwa uzito wangu wote. Haukuachia.

Binti yetu alizaliwa Kilosa mchana ule. Sitaongeza chumvi. Mkunga aliniambia mtoto yule alikuja kwa urahisi, angezaliwa salama hata nyumbani kwangu jikoni. Kwa hiyo siwezi kusema gari lilimwokoa. Nasema tu kwamba safari hii tulifika, na mume wangu alisimama nje ya hospitali kwenye mvua ameweka mkono juu ya boneti, kama mtu anayemtuliza ng'ombe.

Mkwe alifanya kazi kwa miaka mingi, akafa kwa ugonjwa wa injini. Mume wangu alimfuata mwaka juzi. Alitaka alazwe karibu na mtoto, na pale nyuma ya kigingi palikuwa na nafasi. Kigingi chenyewe kililiwa na mchwa zamani, lakini barabara ya kijiji bado inapinda kidogo mbele ya nyumba yetu. Greda hupita na kuufuata ule mpindo, na wenye greda hawajui wanafuata nini.

Siku ya mazishi mtani alikuja, mzee wa fimbo sasa, ameshikwa na wajukuu. Vijana walipomaliza kuchimba aliwazuia. Akaomba kamba. Akawaambia wawili waishike kila mmoja mwisho wake, juu ya kaburi, akafumba jicho moja akatazama kwa muda mrefu, watu wakimngoja.

"Limekaa upande," akasema. "Huyu hatalala humu. Nawajua mafundi. Leteni mwiko."

Nikaenda jikoni nikauleta. Nilikuwa nalia na nilikuwa nacheka, na niliinama mimi mwenyewe, nikaupitisha ukingoni mwa kaburi kuanzia kichwani hadi miguuni, nikimwambia mtani kila hatua: hapa unapita, hapa unapita.